Kutoka Mizani ya Kahawa hadi Baraza la Mawaziri: Njia ya Sir George Kahama na Fundisho Lake kwa Vyama vya Msingi

Kila unapowadia mkutano mkuu wa mwaka, wanachama wa vyama vya msingi katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kuanzia Nyakatuntu na Kaisho hadi Nyaishozi na Kayanga, hulikabili swali moja lisiloepukika: ni mtu wa namna gani anayefaa kukabidhiwa mizani, stakabadhi na fedha za wenzake? Swali la pili hufuata nyuma yake, ingawa aghalabu husemwa kwa sauti ya chini: je, huyu anayeomba kukiongoza chama anakitaka chama chenyewe, au anakitazama kiti kingine kilicho mbele, kama vile udiwani au ubunge, na chama kwake ni ngazi tu ya kupandia?

Maswali haya hayakuanza leo. Tangu ushirika wa kahawa ulipoanza upande huu wa magharibi ya Ziwa Viktoria, ushirika na siasa vimekuwa majirani wa karibu. Mara nyingine wakisaidiana, mara nyingine mmoja akimeza shamba la mwenzake. Kuufahamu ujirani huo hakuhitaji kwenda mbali. Yupo mwana wa Karagwe ambaye maisha yake yote ya kazi yalipita katika mpaka huo: Sir George Clement Kahama, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki dunia tarehe 12 Machi 2017. Alianza kwa kuendesha chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa; akawa waziri kabla ya Uhuru; akashika mashirika makubwa ya umma; akawa balozi; na alipokwisha kutimiza miaka sabini akarudi kushika tena wizara ya ushirika, kazi ileile aliyokuwa ameianza miaka 41 nyuma.

Makala haya yanaeleza njia hiyo hatua kwa hatua, pamoja na yale yaliyoupata ushirika katika muda huohuo. Wanachama watakaoyasoma wataona kwamba historia ya mtu huyu na historia ya chama chao haziwezi kutenganishwa.

MAANDALIZI YA KIJANA WA KARAGWE

Wakati Kahama anakua, Karagwe ilikuwa bado inatawalwa na Waingereza kupitia machifu, na ilihesabiwa kuwa sehemu ya eneo la Bukoba. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikiingiza fedha nyumbani. Mkulima wa kawaida alikuwa na migomba yake kuzunguka nyumba na mibuni iliyochanganywa na migomba hiyo. Kahawa ilianikwa, ikapelekwa kwa mnunuzi, na bei ikatajwa na mnunuzi. Mkulima hakuwa na mahali pa kuuliza kwa nini bei ya leo imekuwa pungufu kuliko ya jana.

Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilipitishwa mwaka 1932. Wachaga wa Kilimanjaro waliitumia mwaka uliofuata kuandikisha chama chao kikuu. Bukoba ilichelewa. Wakulima walikuwa wamejaribu kuunda umoja wao katika miaka ya thelathini, lakini chama kikuu cha Bukoba, kilichojulikana kwa herufi za BNCU, kiliandikishwa mwaka 1950. Hapo ndipo vyama vya msingi vilivyotawanyika vijijini vilipopata mgongo mmoja wa kuegemea: kukusanya kahawa, kuisafirisha, kuitafutia soko na kuwarudishia wakulima malipo.

Chama cha namna hiyo kilihitaji watu wanaojua hesabu na sheria za ushirika, na nchini watu hao walikuwa wachache mno. Kahama, aliyekuwa amesoma Tabora, alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Uingereza, akasoma Loughborough kuanzia mwaka 1952 hadi 1954. Karibu na mji huo ndipo kilipokuwa Chuo cha Ushirika cha Waingereza, na vijana wengine kutoka makoloni walipata mafunzo huko. Paul Bomani wa Mwanza, kiongozi wa wakulima wa pamba, naye alisoma Loughborough katika miaka hiyohiyo.

Mafunzo ya ushirika ya Waingereza yalikuwa na asili yake katika duka dogo lililofunguliwa Rochdale mwaka 1844 na watu 28, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waliochoka kupunjwa. Kanuni zao ni zilezile ambazo makatibu wa vyama vya msingi huzisoma leo: mwanachama mmoja, kura moja, ziada irudishwe kwa wanachama kwa kadiri walivyokitumia chama, na hesabu ziwekwe wazi mbele ya wote. Hayakuwa mafunzo ya siasa. Lakini kwa kijana aliyetoka katika nchi ambayo Mwafrika hakuwa na kura yoyote ya kuichagua serikali yake, kanuni ya mwanachama mmoja kura moja ilikuwa na uzito wake.

Aliporudi aliingia kazini Bukoba, na kufikia mwaka 1956 alikuwa Meneja Mkuu wa BNCU. Umri wake ulikuwa haujafika miaka thelathini.

KWA NINI USHIRIKA ULIZAA WANASIASA

Kahama hakuwa peke yake. Paul Bomani alitoka katika ushirika wa pamba akawa waziri. Jeremiah Kasambala alitoka katika ushirika wa Rungwe akawa waziri. Ukihesabu viongozi wa mwanzo wa Tanganyika huru, waliopitia vyama vya ushirika si wachache. Jambo hili lina sababu zake, na inafaa zielezwe.

Sababu ya kwanza ni amri ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1953 serikali ilitoa waraka uliowazuia watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Kwa kuwa Waafrika wengi waliosoma walikuwa makarani, walimu au waganga wa serikali, waraka huo uliwafunga midomo. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, aliyekuwa akifundisha katika shule ya misheni, ilimbidi aache ualimu mwaka 1955 ili aiongoze TANU. Mtumishi wa chama cha ushirika alikuwa katika hali nyingine. Mshahara wake ulitoka katika ushuru wa kahawa ya wakulima, si katika hazina ya serikali. Waliomwajiri walikuwa wakulima wenyewe, na wao ndio waliokuwa na uwezo wa kumfukuza.

Sababu ya pili ni mtandao. Chama kikuu kilikuwa na vyama vya msingi kila upande, kila kimoja kikiwa na halmashauri, katibu, ghala na siku yake ya kupokea kahawa. Hakukuwa na chombo kingine cha Waafrika kilichoweza kuwafikia watu wengi vijijini kwa utaratibu namna hiyo. Habari iliyotolewa mkutanoni Bukoba iliweza kufika kwa mkulima wa mwisho pamoja na magunia na stakabadhi.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Ushirika ulikuwa shule ya kutoa hesabu. Meneja alitakiwa kusimama mbele ya wajumbe na kueleza: kahawa kiasi gani imepokewa, kiasi gani imepungua ilipokauka, imeuzwa kwa bei gani, usafiri umegharimu nini, kimebaki nini, na mkulima atalipwa nini katika malipo ya pili. Mjumbe asiyejua kusoma aliweza kuuliza swali lililomtoa jasho msomi, kwa sababu mjumbe huyo alijua alipeleka magunia mangapi. Mtu aliyezoea maswali ya namna hiyo alikuwa amepata mafunzo ya uongozi ambayo shule za wakati ule hazikuwa nayo.

WAZIRI KABLA YA UHURU

Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria uliofanywa kwa awamu mbili, mwaka 1958 na mwanzo wa 1959, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wagombea waliokuwa na TANU au walioungwa mkono nayo walishinda. Kahama aliingia katika Baraza hilo akiwakilisha upande wa Ziwa Magharibi, jina lililotumika kabla ya mkoa kuitwa Kagera mwaka 1979.

Mwezi Julai 1959 Gavana Sir Richard Turnbull aliunda Baraza la Mawaziri lililowaingiza kwa mara ya kwanza wajumbe watano waliochaguliwa na wananchi. Watano hao walikuwa Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, Derek Bryceson, Amir Jamal na George Kahama. Kahama alipewa Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Ushirika. Hivyo meneja wa chama cha wakulima alihamishwa kutoka meza ya kutoa hesabu akaketi kwenye meza ya kusimamia hesabu za vyama vyote vya nchi.

Baada ya hapo alipanda kwa haraka. Mwalimu Nyerere alipounda serikali ya madaraka ya ndani mwezi Septemba 1960, Kahama akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, na ndiye aliyekuwa na dhamana hiyo nchi ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 alihamishiwa Biashara na Viwanda. Wasomaji wengi wamekuwa wakijiuliza kuhusu neno "Sir" lililotangulia jina lake. Hilo halikutoka kwa Malkia wa Uingereza. Lilitokana na nishani ya heshima aliyotunukiwa na Papa, kiongozi wa Kanisa Katoliki.

Kwa ushirika, miaka hiyo ya mwanzo ilikuwa ya neema. Muungano wa vyama vya ushirika vya nchi nzima uliundwa mwaka 1961, Benki ya Ushirika ikafuata mwaka 1962, na Chuo cha Ushirika Moshi kikafunguliwa mwaka 1963. Serikali iliyokuwa na mawaziri waliotoka katika ushirika iliona ushirika kuwa mkono wa kulia wa kujenga nchi. Vyama vilianzishwa hata mahali ambapo wakulima hawakuwa wameviomba.

Hapo ndipo ilipojificha mbegu ya matatizo. Chama kilichoombwa na wakulima kina wenyewe wa kukilinda. Chama kilichoshushwa kutoka juu hukosa wa kukilinda kinapoibiwa. Kufikia mwaka 1966 malalamiko ya ubadhirifu, uajiri wa ndugu na mahesabu yasiyokaguliwa yalikuwa mengi kiasi kwamba Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza mwenendo wa vyama vya ushirika na bodi za mazao. Tangu hapo usimamizi wa serikali ulizidi kuongezeka mwaka hadi mwaka.

MIAKA YA MASHIRIKA YA UMMA

Kahama mwenyewe alikuwa ameondoka katika uwanja huo. Mwaka 1965 alipelekwa kuwa balozi katika Ujerumani ya Magharibi. Mwaka uliofuata aliitwa nyumbani kuwa Meneja Mkuu wa Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi Februari 1967 na viwanda vikuu kuwekwa chini ya umma, NDC ndiyo iliyokabidhiwa sehemu kubwa ya viwanda hivyo. Ujuzi wa kusoma mizania ya hesabu, alioupata katika magunia ya kahawa, sasa ulitumika katika viwanda vya nchi nzima.

Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa kuisimamia kazi hiyo, na Kahama akawa Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza. Miaka ya themanini ilimkuta tena katika ubalozi, Zimbabwe na China. Sheria ya kulinda na kukuza vitega uchumi ilipopitishwa mwaka 1990, aliongoza Kituo cha Kukuza Vitega Uchumi kilichotokana nayo.

Msomaji anaweza kuona kinyume cha mambo katika orodha hii. Mtu aliyesimamia viwanda vilivyochukuliwa na umma mwaka 1967 ndiye aliyeombwa, zaidi ya miaka ishirini baadaye, awakaribishe wenye mitaji binafsi. Wapo watakaosema huko ni kugeuka. Wapo watakaosema ni utumishi: mtumishi hufanya kazi ya wakati wake. Lililo wazi ni kwamba katika kazi zote hizo, kuanzia NDC hadi Kituo cha Vitega Uchumi, aliteuliwa kutoka juu na aliwajibika kwa aliye juu. Hakukuwa na mkutano mkuu wa wakulima wa kumhoji. CDA aliyoianzisha iliishi kwa miaka zaidi ya arobaini, ikavunjwa kwa amri ya Rais tarehe 15 Mei 2017, miezi miwili tu baada ya kifo chake, kukiwa na malalamiko ya muda mrefu ya wakazi wa Dodoma kuhusu ardhi. Kazi ya kuhamishia serikali Dodoma ilikuwa imetiliwa nguvu mpya tangu mwaka 2016.

USHIRIKA ULIPOFUTWA NA KUFUFULIWA

Wakati Kahama akiwa Dodoma, ushirika aliouacha ulipatwa na msiba. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikifanya kila kijiji kilichoandikishwa kuwa chama cha ushirika cha shughuli nyingi. Vyama vya msingi vikapoteza nafasi yao. Kisha, tarehe 14 Mei 1976, serikali ilivifuta vyama vikuu vyote vya ushirika nchini. Ununuzi wa mazao ukapewa mamlaka za mazao. Kwa kahawa ikawa Mamlaka ya Kahawa. Majengo, maghala na magari yaliyonunuliwa kwa ushuru wa wakulima yakagawanywa kwa vyombo vingine.

Wazee wa Karagwe na Kyerwa hawajaisahau miaka hiyo. Malipo yalichelewa. Mkulima alipewa karatasi akaambiwa asubiri. Kahawa ya wilaya za mpakani ilianza kutafuta njia nyingine, na magendo ya kuvuka kwenda Uganda yakawa jambo la kawaida bei ya upande wa pili ilipokuwa nzuri. Mkulima mwenye shida ya karo au ugonjwa alimwendea mwenye fedha na kumuuzia kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa. Huo ndio utaratibu unaoitwa butura, na madhara yake yanajulikana katika kila kijiji.

Serikali iliona kosa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1982 iliruhusu vyama vikuu virudi, na miaka iliyofuata vikaundwa upya kimkoa. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, nalo lilianzishwa ili hesabu zikaguliwe. Lakini vyama vilivyorudi vilirudi vikiwa chini ya mwavuli wa siasa, kwa kuwa muungano wao ulihesabiwa miongoni mwa jumuiya za Chama cha Mapinduzi. Viongozi walijua namna ya kuripoti juu. Namna ya kuripoti chini ilikuwa imesahauliwa.

Mwaka 1990 wakulima wa Karagwe walipata chama chao kikuu, KDCU, kilichojitenga na KCU ya Bukoba. Hata baada ya wilaya ya Kyerwa kuzaliwa mwaka 2012, vyama vya msingi vya wilaya zote mbili viliendelea kuwa wanachama wa KDCU. Sheria mpya ya mwaka 1991 ilikata kamba iliyovifunga vyama vya ushirika kwa chama cha siasa na kurudisha kanuni za kimataifa za ushirika. Kabla vyama havijapata pumzi, biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi kuanzia msimu wa 1994/95. Vyama vyenye madeni na viongozi wasiohojiwa vilijikuta sokoni vikishindana na watu wenye fedha taslimu. Vingi vilianguka.

KURUDI KWENYE WIZARA YA KWANZA

Hiyo ndiyo hali iliyomkuta Kahama aliporudi. Mwaka 2000 Rais Benjamin Mkapa aliunda kamati maalumu ya kushauri jinsi ya kufufua na kuimarisha ushirika. Baada ya uchaguzi mkuu wa mwaka huohuo, iliundwa Wizara ya Ushirika na Masoko. Kahama, aliyekuwa mbunge wa Karagwe, ndiye aliyekabidhiwa wizara hiyo hadi mwaka 2005.

Katika kipindi hicho yalifanyika mambo mawili yanayofaa kukumbukwa na kila katibu. La kwanza ni Sera ya Maendeleo ya Ushirika ya mwaka 2002. La pili ni Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 20 ya mwaka 2003. Yote mawili yalijengwa juu ya wazo moja: chama cha ushirika ni mali ya wanachama, kimeanzishwa kwa hiari yao, kinaendeshwa na wao kwa kura zao, na serikali kazi yake ni kuweka mazingira, kukagua na kushauri. Sheria hiyo imekwisha kufuatiwa na nyingine, Namba 6 ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, lakini wazo hilo halikuondolewa.

Mtu aweza kuuliza: je, waziri huyo alifaulu? Jibu la haki ni kwamba sheria pekee haiwezi kukifufua chama. Vipo vyama vilivyoamka, na vipo vilivyobaki jina na muhuri tu. Tofauti kati ya hivi na vile haikutokana na waziri, kwa sababu waziri alikuwa mmoja na sheria ilikuwa moja. Ilitokana na wanachama. Penye wanachama waliohudhuria mkutano na kudai hesabu, sheria ilipata miguu. Pasipo na wanachama wa namna hiyo, ilibaki katika kabati la katibu.

FUNDISHO KWA CHAMA CHA MSINGI

Katika maisha ya Kahama, ushirika na siasa vilikutana kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa, na wanachama wanapaswa kuzitofautisha.

Njia ya kwanza ni ile ya miaka ya hamsini. Ushirika ulimlea mtu, ukamfundisha kutoa hesabu kwa wakulima, kisha siasa ikamchukua akiwa amekwisha kufunzwa. Katika njia hiyo chama hakikupoteza kitu. Taifa lilipata kiongozi, na chama kiliendelea kuwa cha wenyewe.

Njia ya pili ni ile ya miaka ya sabini na themanini. Siasa iliingia ndani ya chama, ikawachagulia wakulima viongozi, ikawaamulia mambo yao, na hatimaye ikakifuta chama kwa siku moja. Kilichowezekana kufutwa kwa siku moja kilikuwa kimekwisha kuondoka mikononi mwa wanachama siku nyingi kabla ya hapo.

Kwa hiyo si haki kumkataa mgombea kwa sababu tu ana hamu ya siasa. Mkulima ni raia, na raia ana haki ya kutamani uongozi wa umma kwa wakati wake na kwa taratibu zake. Lakini si busara pia kumpa mtu funguo za ghala kwa sababu ana maneno matamu au ana wakubwa anaojuana nao. Hapana budi apimwe kwa kipimo cha chama. Makatibu wanaweza kuwasaidia wanachama kwa kuwakumbusha maswali haya kabla ya kura:

Kwanza, je, mgombea hupeleka kahawa yake yote katika chama? Anayeuza pembeni hawezi kuwaambia wenzake wasiuze pembeni.

Pili, je, yeye mwenyewe hununua butura? Mtu anayefaidika na shida ya jirani hawezi kuwa na haraka ya kuhakikisha malipo ya awali yanafika mapema, kwa maana malipo yakifika mapema biashara yake inakufa.

Tatu, kama amekwisha kushika uongozi, je, hesabu za kipindi chake zilikaguliwa na kusomwa mbele ya mkutano mkuu? Makato yote yalielezwa, la ushuru wa chama, la usafiri na la mkopo, kila moja kwa jina lake?

Nne, anapoulizwa swali na mwanachama asiyesoma, je, hujibu au hukasirika?

Swali hili la nne linaweza kuonekana dogo, lakini ndilo linalobeba mengine yote. Malipo yakipungua kwa shilingi chache kwa kila kilo na pasiwe na wa kuuliza, mkulima huanza kuitazama njia ya mpakani. Wakulima kumi wakifanya hivyo, kahawa ya chama hupungua. Kahawa ikipungua, gharama za ghala na katibu huwaangukia waliobaki, na malipo yao hupungua tena. Hivyo ndivyo chama hufa bila kufutwa na serikali yoyote. Kwa chama cha msingi cha Nyakatuntu au cha mahali pengine popote karibu na mto Kagera, hatari hiyo iko karibu zaidi kuliko amri yoyote kutoka juu.

Sir George Kahama alihudumu chini ya Gavana wa Kiingereza na chini ya marais wa Tanzania huru. Alisimamia viwanda, mji mkuu na balozi. Vyeo hivyo vyote alipewa, na vyeo vya kupewa hupita. Cheo chake cha kwanza kikubwa, umeneja wa chama cha wakulima wa kahawa, kilitoka kwa wanachama, nao ndio waliomfunza kusimama mbele ya watu na kueleza fedha zao zimekwenda wapi. Shule hiyo haijafungwa. Imo katika kila chama cha msingi chenye mizani iliyopimwa, stakabadhi zilizoandikwa vema na mkutano mkuu ambao wanachama wanauhudhuria. Ikitunzwa itaendelea kutoa viongozi kwa ajili ya kijiji, wilaya na taifa. Ikiachwa itatoa watafuta vyeo tu, na mkulima atarudi mahali babu yake alipokuwa kabla ya mwaka 1950: amesimama mbele ya mnunuzi, akitajiwa bei, asiwe na mahali pa kuuliza.